Vichupo Nje, Rundo Ndani: Kumtunzia Mtumiaji Mahali Alipofika

Mhadhara wa wazi kwa wanafunzi na wasanidi wa programu za simu



Nianze na abiria. Ana simu mkononi, anatafuta basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Ameshachagua tarehe, amepata basi la saa kumi na mbili asubuhi, amefungua ramani ya viti na kugusa kiti cha dirishani. Kabla hajalipa, anakumbuka kwamba jana alimkatia mama yake tiketi kwa programu hiyo hiyo, naye anataka wasafiri siku moja. Chini ya skrini kuna kichupo kilichoandikwa "Tiketi zangu". Anakigusa, anaiona tarehe, anaridhika, kisha anarudi kwenye kichupo cha "Safari". Anakuta nini?

Katika programu iliyojengwa vizuri anakuta ramani ile ile ya viti, na kiti chake bado kimechaguliwa. Katika nyingine anakuta ukurasa wa mwanzo unaomuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea. Seva haikuanguka wala mtandao haukukatika. Kinachozitofautisha programu hizo mbili ni mpangilio wa vitu viwili: kipi kimewekwa ndani ya kipi. Leo nitazungumzia mpangilio huo, na niseme tangu mapema kwamba ninauhesabu kuwa sehemu ya adabu yetu kwa watu wanaotukabidhi muda wao.

Vitu vyenyewe ni hivi. Cha kwanza ni upau wa vichupo, yaani ule mstari wa alama na majina unaokaa chini ya skrini. Cha pili ni kidhibiti cha urambazaji. Hiki chenyewe hakionekani. Kinachoonekana ni upau wake wa juu, wenye kichwa cha ukurasa na mshale wa kurudi. Kazi yake ni kutunza rundo la kurasa. Ukigusa jina la basi, ukurasa wa basi hilo unapandishwa juu ya rundo. Ukigusa "Chagua kiti", ramani ya viti inapanda juu yake. Ukirudi, wa juu unaondolewa, na uliokuwa chini yake unaonekana tena kama ulivyouacha. Kichupo humpeleka mtu pembeni, rundo humpeleka ndani.

Mwendo huu wa kuingia ndani ni mkongwe kuliko simu tunazozitumia. Waliowahi kushika iPod ya mwaka 2001 watakumbuka jinsi orodha ya wanamuziki ilivyoteleza kushoto kuipisha orodha ya albamu, nayo ikaipisha orodha ya nyimbo, na jinsi kitufe cha Menu kilivyokurudisha hatua moja moja. Steve Jobs alipoionyesha iPhone mjini San Francisco tarehe 9 Januari 2007, mwendo ule ule ulikuwamo, ila kitufe cha kurudi kilikuwa kimehamia ndani ya skrini, kwenye kona ya juu kushoto. Na programu ya kupigia simu ilikuwa na vichupo vitano chini: watu wa karibu, simu za karibuni, majina, vitufe vya namba na ujumbe wa sauti. Kitazame kichupo cha majina peke yake. Ndani yake kulikuwa na orodha, na ukigusa jina unaingia kwa mtu huyo. Kichupo chenye rundo lake. Muungano tunaouzungumzia leo ulikuwa umekwisha kujengwa kabla msanidi yeyote wa nje hajaruhusiwa kuandika mstari mmoja wa msimbo wa simu ile. Apple ilitoa zana zake Machi 2008 na kufungua App Store tarehe 10 Julai mwaka huo, na vidhibiti vyote viwili vilikuwamo: UITabBarController na UINavigationController.

Naomba tukae kidogo kwenye hesabu ya skrini ile ya kwanza, kwa sababu inaonyesha jinsi wabunifu wa Apple walivyolitilia uzito jambo hili. Ilikuwa na upana wa pikseli 320 na urefu wa 480. Mstari wa juu wa saa na betri ulichukua 20, upau wa urambazaji 44, upau wa vichupo 49. Jumla ni 113. Maudhui yenyewe, yaani kitu ambacho mtu amefungua programu akione, yalibakiwa na 367. Karibu robo ya skrini ndogo kama ile ilitolewa ili mtu ajue yuko wapi na atatokaje. Hakuna mbunifu anayetoa robo ya skrini kwa pambo. Na vichupo havikuwekwa chini kwa bahati tu. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu barabarani, kwenye vituo na ndani ya vyombo vya usafiri, na akaona kwamba asilimia 49 ya waliokuwa wakigusa skrini walizishika kwa mkono mmoja. Kwa mtu wa namna hiyo, dole gumba hufika chini ya skrini bila shida. Mtu aliyesimama ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba, ananielewa.

Sasa kanuni. Kidhibiti cha vichupo kinakaa nje kabisa, ndicho mzizi wa programu. Ndani ya kila kichupo kuna kidhibiti chake cha urambazaji, chenye rundo lake lisilochangiwa na kichupo kingine. Vichupo vinne, marundo manne. Nyaraka za Apple zinakataza waziwazi kukisukuma kidhibiti cha vichupo kwenye rundo la kidhibiti cha urambazaji. Wanafunzi wengi huisoma kanuni hii kama amri, wanaikariri, kisha wanaivunja siku ya kwanza wanapokutana na ukurasa wa kuingia kwa nywila. Kwa hiyo ni afadhali kuelewa inachokilinda.

Mfikirie mwanafunzi wa sekondari aliye na madaftari manne mezani, kila moja limefunguliwa pale alipofikia. Akitoka kwenye hesabu kwenda kwenye historia, daftari la hesabu halijifungi. Kupindua ukurasa wa historia hakugusi kurasa za hesabu. Upau wa vichupo unachagua daftari lipi liwe mbele yake. Rundo ni kurasa alizozipindua ndani ya daftari hilo. Mtu akiujenga muungano huu kinyume, amegandisha madaftari yote kwa gundi moja.

Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza ni rundo moja kubwa nje, na vichupo vimesukumwa ndani yake. Huanza hivi: msanidi ametengeneza ukurasa wa kuingia, mtumiaji akishaandika nywila sahihi anasukumiwa kidhibiti cha vichupo juu ya ukurasa huo. Inafanya kazi, inaonekana nzuri kwenye maonyesho. Lakini angalia kona ya juu kushoto. Kuna mshale wa kurudi, na ukiugusa unakurejesha kwenye ukurasa wa nywila ukiwa tayari umeingia. Tangu iOS 7 ya mwaka 2013 huhitaji hata kugusa: kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto kunatosha, na watu hufanya hivyo bila kufikiri. Msanidi anauficha mshale. Kisha anazuia kidole. Kisha anagundua kwamba kila ukurasa anaousukuma unavifunika vichupo, na kwamba wakati mwingine kuna pau mbili za kichwa, moja juu ya nyingine. Anaendelea kuziba tundu moja baada ya jingine, ilhali dawa ilikuwa kubadilisha mzizi: ukurasa wa kuingia uwe mzizi kwanza, na mtu akishaingia mzizi ubadilishwe uwe vichupo, bila rundo lolote kati yao.

La pili ni rundo moja linalochangiwa na vichupo vyote. Huku upau upo, hautoweki, na mtazamaji wa haraka hataona kasoro. Ila kila kichupo kikiguswa, rundo linafutwa na ukurasa mpya unawekwa. Hili ndilo lililompotezea abiria wetu kiti cha dirishani.

Niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu, maana ndicho kinachowashangaza wanaoanza. Umejenga sawasawa: vichupo nje, rundo ndani. Kichupo chako kinaitwa "Safari". Ukurasa wa kwanza wa rundo unapakia mabasi, na unataka kichwa chake cha juu kisomeke "Dar es Salaam hadi Mbeya". Unaandika msimbo unaobadilisha title ya ukurasa huo. Kichwa cha juu kinabadilika, na papo hapo kichupo kilichoandikwa "Safari" nacho kinakuwa "Dar es Salaam hadi…", kimekatwa kwa nukta. Sababu ni kwamba title ni jina la ukurasa wenyewe, nayo hutiririka kwenda sehemu zote mbili, kichwa cha juu na jina la kichupo, kwa kuwa kidhibiti cha urambazaji hukiazima kichupo chake kutoka kwa ukurasa ulio chini kabisa ya rundo. Unachopaswa kubadilisha ni navigationItem.title, inayogusa upau wa juu peke yake. Neno moja katika msimbo, lakini anayelielewa ameshaelewa nani anamiliki nini katika muungano huu: jina la kichupo ni la mahali, kichwa cha juu ni cha ukurasa uliopo sasa hivi. La kwanza halipaswi kutikisika kamwe. Dole gumba limeshalizoea.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukurasa mmoja hauwezi kukaa kwenye marundo mawili. Kila ukurasa una mzazi mmoja. Ukijaribu kuusukuma tena ukurasa uleule ambao tayari umo kwenye rundo, programu itaanguka. Taarifa za basi zinaweza kufikiwa kutoka "Safari" na pia kutoka "Tiketi zangu". Basi tengeneza nakala mbili, kila moja iishi ndani ya kichupo kilichoifungua. Nasisitiza hili kwa sababu kuna kishawishi cha kumrusha mtu: amegusa taarifa za basi akiwa kwenye "Tiketi zangu", programu inamhamishia "Safari" ili azione huko. Sasa akirudi, atarudi wapi? Mshale utampeleka kwenye orodha ya mabasi ambayo hakuifungua. Mfungulie hapo hapo alipo.

Upande wa Android historia ilipita njia nyingine, na ni vizuri kuijua kwa kuwa simu nyingi mikononi mwa watu wetu ni za Android. Simu ya kwanza ya mfumo huo kuuzwa, mwaka 2008, ilikuwa na kitufe cha kurudi kwenye mwili wake. Kitufe hicho hakikuwa mali ya programu yoyote. Kilimrudisha mtu kwa mfuatano wa wakati, hata kumtoa programu moja na kumwingiza nyingine. Baadaye ukaongezwa mshale wa juu unaopanda ngazi ndani ya programu, na kwa miaka wasanidi waliulizana tofauti ya viwili hivyo. Upau wa chini uliingia kwenye mwongozo wa Material Design mwaka 2016 tu, ukiwekewa mipaka ya vichupo vitatu hadi vitano, na wakati huo mwongozo ulielekeza kwamba mtu akihama kichupo, alichokuwa akifanya kianze upya. Kwa maoni yangu maelekezo hayo hayakuwa sahihi, na muda umeonyesha hivyo: toleo la 2.4 la maktaba ya Navigation, lililotoka 2022, lilileta uwezo wa kutunza rundo la kila kichupo. WhatsApp nayo ilivihamisha vichupo vyake vya Android kutoka juu kwenda chini mwaka 2024. Wanaotumia Flutter wanalipata jambo hilo kwa kuweka Navigator ndani ya kila kichupo na kuvishikilia vyote kwa IndexedStack. Wa SwiftUI wanaweka TabView nje na NavigationStack ndani ya kila kimoja. Majina yanabadilika, mpangilio ni ule ule.

Nataka sasa niguse jambo linalotuhusu sisi zaidi. Machi 2007, wiki chache baada ya iPhone kuonyeshwa, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki walijifunza kutembea ndani ya simu kwa menyu za namba, miaka mingi kabla ya kushika skrini ya kugusa. Chagua namba, chagua nyingine, andika namba ya mpokeaji, andika kiasi, weka namba ya siri. Ujumbe mmoja wa USSD, teknolojia iliyo nyuma ya menyu nyingi za namna hii, hauzidi herufi 182, na ukichelewa kujibu, kikao kinakatika na unaanza upya. Ni rundo peke yake hilo. Kuna ndani, hakuna pembeni. Ukiwa katikati ya kutuma pesa huwezi kwenda kutazama salio kisha ukarudi palepale.

Ninaona alama ya malezi hayo katika programu nyingi za fedha zilizobuniwa kwetu. Ukurasa wa mwanzo una alama kumi au zaidi zimepangwa kama vigae, kila alama inafungua rundo, na njia pekee ya kwenda kwingine ni kurudi hadi mwanzo. Menyu ya namba imevalishwa rangi. Sisemi kwamba aliyejenga hivyo hakufikiri. Watu wanaijua njia hiyo, na kujulikana ni fadhila kubwa. Lakini skrini ya leo ina uwezo ambao USSD haikuwa nao, na mtu anayetaka kuangalia salio katikati ya malipo hapaswi kulipia hamu hiyo kwa kuandika upya namba ya mpokeaji. Chagua mambo matatu au manne ambayo watu huyarudia kila siku, yape vichupo, na mengine yaache ndani. Na chagua majina mafupi. Kwenye skrini ya upana wa 320, vichupo vitano vinapata 64 kila kimoja. "Mipangilio" itaingia kwa kubanwa, "Miamala ya hivi karibuni" haitaingia kabisa. Ukizidisha vitano kwenye iPhone, mfumo wenyewe unaonyesha vinne na kuvisukumia vilivyobaki kwenye kichupo cha "Zaidi", ambacho kina rundo lake, na huko ndani ni wachache wanaofika.

Je, upau wa vichupo ufichwe lini? UIKit ya Apple inaruhusu ukurasa kuuficha unaposukumwa. Kwenye mazungumzo ya WhatsApp katika iPhone umefichwa, na ni sawa, kwa maana kibodi inahitaji nafasi ile. Mimi ningeuficha pia kwenye ukurasa wa kuthibitisha malipo, ambapo mguso wa bahati mbaya ni hatari. Kwingine kote uache.

Kuna tabia moja ndogo ninayoipenda sana: kukigusa kichupo ambacho tayari upo ndani yake. Kwenye iPhone, rundo linashuka hadi ukurasa wake wa kwanza. Aliyeingia ndani hatua sita anatoka kwa mguso mmoja, na amelitaka mwenyewe. Hapa ndipo utunzaji wa mahali unapokamilika, kwa kuwa mtu amepewa pia njia ya kusema nimemaliza. Msanidi wa Flutter analazimika kuiandika mwenyewe. Aiandike.

Arifa zinahitaji uangalifu zaidi. Ujumbe unaingia: tiketi yako imethibitishwa. Mtu anaugusa. Programu inapaswa kufungua kichupo cha "Tiketi zangu", kuweka orodha chini ya rundo, kisha tiketi hiyo juu yake, ili mshale wa kurudi uwe na pa kwenda. Wengi husahau kuweka orodha, na mtu anajikuta ndani ya tiketi isiyo na mlango. Rundo la "Safari" lisiguswe hata kidogo. Huenda kuna kiti kinasubiri huko.

Halafu kuna kumbukumbu ya simu. Yote niliyoyasema yanachukulia kwamba programu iko hai. Kwenye simu za bei nafuu zenye RAM ndogo, mtu akipokea simu au akifungua kamera, mfumo unaweza kuiua programu yako ili upate nafasi, na marundo yote yanakufa nayo. Dawa si kuhifadhi kurasa nzima. Hifadhi alama za njia: kichupo kilichokuwa mbele, namba ya safari, tarehe, namba ya kiti. Kutokana na hizo unaweza kulijenga rundo upya mtu anaporudi. Kwenye mipangilio ya wasanidi ya Android kuna swichi inayoiamuru simu isihifadhi shughuli yoyote mtumiaji anapoiacha. Iwashe, kisha uzunguke ndani ya programu yako kwa nusu saa, ukitoka na kurudi. Ni nusu saa ngumu, na inafundisha kuliko mihadhara mingi, pamoja na huu.

Nimebakiza sehemu moja ambapo ahadi ya kutunza mahali inapaswa kuvunjwa kwa makusudi. Simu nyingi majumbani kwetu hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mama anaingia kwa akaunti yake, jioni mwanawe anaingia kwa yake. Marundo yaliyotunzwa vizuri namna hii yanaweza kumwonyesha mwana risiti aliyoiacha mama wazi. Kwa hiyo mtu akitoka kwenye akaunti, usijaribu kulisafisha rundo moja baada ya jingine, utasahau mojawapo. Kitupe kidhibiti chote cha vichupo, futa na zile alama za njia ulizohifadhi, weka ukurasa wa kuingia uwe mzizi, na mtu mwingine akiingia umjengee vichupo vipya. Lijaribu hili kwa akaunti mbili halisi kabla ya kuipeleka programu sokoni: ya kwanza iingie ndani kabisa katika kila kichupo, kisha itoke, ya pili iingie na kuvipitia vichupo kimoja kimoja. Katika kila kichupo inapaswa kukuta ukurasa mmoja tu, ule wa chini ya rundo, na hakuna mshale wa kurudi.